Nguzo Mbili

Mama yake Mseti aliacha kula siku ya Jumatatu, bila kutoa taarifa kwa mtu yeyote. Alikuwa na miaka themanini na minne, au themanini na saba, kutegemea ulimuuliza yeye au cheti chake cha ubatizo, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumbembeleza amalize chakula. Jumatatu hiyo, nyumbani kwake Butiama, alisogezewa sahani, akaitazama kama mtu aliyepewa barua isiyo yake, akairudisha.

Familia ilichukua hatua za kiserikali. Jeska, binti yake mkubwa aliyekuwa anamtunza, alichinja kuku. Kuku aliingia chumbani kwa heshima na kutoka kwa heshima, mzima kama alivyoingia. Akafuata sato aliyeletwa kutoka Musoma akiwa bado anateleza. Ikafuata supu ya kwato, maziwa ya mgando, ugali wa mtama na mayai mawili. Vyote vilitoka mlangoni vimeinamisha vichwa, kama wagombea waliokosa kura. Bibi Boke alikubali vijiko vitatu vya uji kwa siku, na hivyo navyo alivikubali ili Jeska asilie.

Daktari wa Musoma alipiga picha, akachukua damu, kisha akamwita Mseti pembeni kwenye korido. Alimwambia mwili wa mama umechoka, hakuna cha kupasua wala cha kuchoma sindano. Apewe chochote anachokitaka. Akila, wangekuwa na muda naye. Asipokula, hawakuwa nao. Mseti aliuliza muda kiasi gani, kwa sababu alikuwa mtu wa vipimo, na daktari akamgusa bega badala ya kujibu.

Siku ya tisa Bibi Boke alifungua macho na kusema kwamba angepata nyamera, angekula.

Nyamera ni yule mnyama wa mbugani, mkubwa kuliko swala, mwekundu wa udongo, mwenye mapaja meusi kana kwamba amevaa kaptula ya shule iliyochovywa kwenye wino. Marehemu mzee Robert Keraryo, mume wake, alikuwa na leseni ya kuwinda, na kila kiangazi alileta mmoja. Jeska na Mseti walikulia juu ya nyama hiyo. Lakini mzee alikuwa amelala kaburini mwaka wa sita, na bucha za Butiama haziuzi wanyama wa serikali.

Bibi Boke aliwaona wakitazamana, akawasoma. "Na msiniletee ng'ombe mkasema ni nyamera," alisema. "Nimepikaga nyamera miaka arobaini. Nitawaaibisha."

Ujanja huo ndio aliokuwa ameanza kuufikiria Jeska, kwa hiyo uliishia hapo.

Mseti aliuza mabati, misumari na mabomba mjini Musoma. Alikuwa na miaka arobaini na saba na futi ya chuma iliyoning'inia kwenye mkanda wake siku zote, hata kanisani, na iliaminika kwamba aliwahi kulipima jeneza la jirani kwa macho na kulikataa. Baba yake alimwachia bunduki mbili, na vibali vya zote vilibadilishwa jina kwa utaratibu. Mara mbili kwa mwaka alizitoa, akazipaka mafuta, akawaonyesha polisi, akazirudisha kabatini. Kuwinda aliwinda mara saba, zote baba yake akiwa kando yake. Alikuwa amempiga mnyama mara tatu tu, na mara zote tatu baba yake ndiye aliyemwambia lini avute.

Aliomba kibali. Kibali kilitoka kwa siku tano, jambo ambalo ukoo mzima ulilihesabu kuwa muujiza wa kwanza, ukakaa kusubiri wa pili. Kilisema nyamera mmoja, dume, katika eneo la uwindaji la wenyeji nyuma ya Bunda, mwindaji akiwa na askari wa wanyamapori. Kilisema pia kwamba mnyama aliyejeruhiwa na kupotea anahesabiwa kuwa ameshachukuliwa. Mseti alisoma sentensi hiyo mara mbili, akaipigia mstari kwa kalamu ya risiti.

Bernado, mdogo wake marehemu baba, alikuja Musoma kumshauri. Kwa miaka mingi huyu ndiye aliyefuata nyayo mbele ya mzee Robert, lakini sasa magoti yake yalikuwa yamestaafu bila yeye. Waliziweka bunduki zote mbili juu ya kitanda. Mzee Robert hakuwahi kuziita kwa namba zilizochongwa kwenye chuma. Moja aliiita Ndogo, nyingine Kubwa. Risasi ya Ndogo ilikuwa nyembamba kama kidole cha mwisho, nyepesi, yenye mbio. Risasi ya Kubwa ilikuwa nene kama kidole gumba, na baba aliibeba siku za nyati tu.

Bernado alisema hakuna cha kujadili, achukue Ndogo. Nyamera si nyati. Ndogo ikiingia nyuma ya mguu wa mbele, mapafu yanakwisha, mnyama anaanguka kabla hajajua ameudhiwa na nani. Na Ndogo inakwenda tambarare. Ukikosea umbali kidogo, inakufichia aibu.

Mseti hakuwa akisikiliza maneno hayo yote. Alikuwa akiiona ile sentensi aliyoipigia mstari. Mnyama mmoja, mama mmoja. Alisema anataka risasi ambayo ikimgusa mnyama, mnyama hainuki. Alishika Kubwa.

Agness, mke wake, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. "Baba Chrispin, unaenda kuwinda nyamera au kubomoa nyumba?"

Bernado alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema kwa upole kwamba Kubwa ni kama mtu mnene: akifika, kweli amefika, lakini hafiki mbali bila kuinama. Risasi yake inashuka mapema. Aliyeielewa hakuipiga mbali.

"Sheria ya baba yako unaikumbuka?"

Mseti aliikumbuka. Hakuna mtoto wa mzee Robert ambaye hakuifahamu. Mzee alipenda kuwasimamisha barabarani, pale nguzo za simu zilipokuwa zimepanga mstari kuelekea nyumbani, na kuwaonyesha. Mnyama akiwa nguzo moja, piga. Akiwa nguzo mbili, piga kama umetulia. Akizidi nguzo mbili, mwache aende kwa watoto wake. Ukimpiga, alisema mzee, ummalize wewe. Ukimwacha ajimalizie mwenyewe, huo si uwindaji, ni uchokozi.

"Basi sitapita nguzo mbili," alisema Mseti.

"Kwa nguzo mbili, hata Kubwa haina neno," alisema Bernado, na ndivyo shauri lilivyofungwa.

Kwa kuwa alikuwa Mseti, hakuridhika na kukumbuka. Nguzo za simu zilishang'olewa zamani, lakini za umeme zilikuwepo. Asubuhi iliyofuata alitoka mbele ya duka lake na futi ya kamba, akapima kutoka nguzo ya kwanza hadi ya pili, na kutoka ya pili hadi ya tatu. Majirani walijua mtaa umeuzwa. Wapangaji wawili walianza kuuliza kuhusu fidia. Yeye aliandika kwenye daftari: arobaini na nane na nusu, arobaini na saba na robo. Nguzo mbili, mita tisini na sita kasoro robo. Alifunga daftari akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu daktari amguse bega.

Risasi za Kubwa zilikuwa tano. Kwa ruhusa ya wahusika, alikwenda kwenye machimbo ya moramu nje ya Bunda, akabandika karatasi kwenye ukuta wa udongo, akapima mita tisini na sita kasoro robo kwa kamba ileile, akalala kifudifudi. Alipiga mara mbili. Bega lilivimba kama andazi, lakini matundu mawili yalikuwa katikati ya karatasi, na kiganja kimoja kingeyafunika yote. Akabaki na risasi tatu. Alihitaji moja.

Askari aliyepangiwa aliitwa Florian. Mseti alimchukua mtaa wa Manyamanyama, Bunda, kwenye chumba alichopanga, wakapanda pikapu ya kubebea mabati. Florian alizaliwa Kisorya, kwenye familia ya wavuvi, na wanyama wa nchi kavu aliwaheshimu kikazi tu. Njiani alieleza kwa masikitiko kwamba nyama yenye miguu minne inamkaaga kwenye meno, na kwamba kama mama angetaka sangara, mambo yote haya yangemalizika kwa simu moja. Mseti alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka wiki ile, na baadaye alikuja kuikumbuka kwa aibu.

Asubuhi nzima hawakupata kitu cha karibu. Kundi moja liliwaona kabla wao hawajaliona. Jingine lilikuwa la majike na ndama. Mchana ulipita kwenye kivuli chembamba cha mgunga, na Jeska akapiga simu. Mama alikuwa ameuliza mara nne. Alikuwa ameagiza sufuria yake kubwa ioshwe, na alikataa vijiko vyake vitatu vya uji. Mseti alishtuka, lakini Jeska akamwambia asishtuke. Mama amesema anaacha nafasi.

Saa kumi jioni walimwona. Dume, peke yake, amesimama juu ya kichuguu kama mwalimu wa zamu anayehesabu waliochelewa paredi. Kutoka upande wao hadi kwenye kichuguu, ukivuka uwanda wa nyasi, ulipita mstari mpya wa umeme unaopeleka taa kwenye vijiji vya mbele. Mseti na Florian walitambaa kwa magoti hadi chini ya nguzo moja na kulala nyuma ya kichaka. Mbele yao hapakuwa na kichaka kingine. Kusogea zaidi kungekuwa kumpigia mnyama hodi.

Mseti aliegemeza mtutu kwenye begi. Moto wa mchana ulikuwa bado unachezacheza juu ya nyasi, na mnyama alikuwa akitetemeka ndani yake kama kitu kilichochorwa kwenye maji.

"Umbali gani?" alinong'ona.

Florian aliinua kichwa, akahesabu kwa kidole. Hapa nguzo, pale nguzo, na pale alipo yeye, nguzo.

"Nguzo mbili, kaka. Mbili kamili."

Mseti aliangalia tena. Jicho lake, lile lililowahi kukataa jeneza, halikuridhika. "Mbona mdogo?"

"Labda ni mdogo," alisema Florian. "Dume ni dume, ila huenda hakulishwa vizuri."

Nguzo mbili. Lilikuwa neno la baba yake, limetoka kwenye mdomo wa mtu asiyemjua baba yake, na kwa hiyo lilisikika kama ushahidi. Mseti alifikiria sufuria iliyooshwa. Aliondoa kufuli ya bunduki. Akatafuta mahali alipofundishwa, nyuma ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini, pale moyo unapokaa. Hakupandisha mtutu hata unywele, kwa sababu kwa mita tisini na sita kasoro robo hapakuwa na haja. Akatoa pumzi nusu, akavuta.

Bunduki ilimsukuma nyuma. Alipofungua macho, mnyama alikuwa amepiga magoti juu ya kichuguu, kichwa chini, kama mtu anayepokea baraka. Mseti alisema asante kwa sauti. Ndipo nyamera akainuka. Akashuka upande wa pili kwa miguu mitatu, mguu wa mbele ukining'inia na kuyumba kama mkono wa shati kwenye kamba, akajichanganya na kundi ambalo hawakuwa wameliona nyuma ya kichuguu, na kundi lote likakimbia naye.

Mseti alikuwa ameshaingiza risasi ya pili. Hakukuwa na wa kumpiga. Wote walikuwa wekundu, wote walikuwa wakikimbia.

Walifuata damu. Mwanzoni ilikuwa nyingi, imepaka nyasi kwenye usawa wa goti, na Florian akasema hafiki mbali. Baadaye ikawa matone. Baadaye ikawa tone moja kila baada ya hatua ishirini, na Mseti akatembea ameinama, akigusa kila kitu chekundu, hata mchwa. Jua lilipofika kwenye vilima, Florian alimshika mkono. Kanuni haikuruhusu watu kubaki ndani baada ya giza. Mseti alimwomba nusu saa. Florian alisema nusu saa ameshampa, tena mara mbili.

Kwenye gari Florian aligeuzageuza kofia yake magotini. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa ukitafuta njia ya kutokea. Mwishowe alisema kwamba yule wa leo fisi watamshughulikia. Kesho kuna wengine. Mseti achukue mmoja mzuri, wa karibu, nyama safi, ampelekee mama. "Mimi sijaona kitu. Kalamu yangu leo haikuwa na wino."

Uongo si jambo geni kwa mfanyabiashara, na Mseti alikuwa ameshaiona hiyo nyama safi ndani ya sufuria. Lakini kila alipomwona nyamera wa kesho amelala, alimwona pia wa leo amesimama mahali gizani kwa miguu mitatu, akimmalizia kazi yake.

"Tutamtafuta yuleyule," alisema.

Jeska alipiga tena. Mseti alimwambia amempata. Neno lilitoka tu. Alisikia Jeska akigeuka na kumwambia mama, na kwa mbali akasikia mama akisema jambo, na Jeska akicheka. Uji wa usiku nao ulikataliwa.

Kulipopambazuka walirudi mpaka chini ya ile nguzo, ili waanze upya kwenye tone la kwanza. Florian alitangulia. Mseti alimfuata kando ya mstari wa umeme, na kwa mazoea tu, kama mtu anavyohesabu ngazi, alikuwa akihesabu hatua. Hatua zake alizijua. Moja ni mita, labda pungufu ya vidole viwili. Alifika arobaini na nane na nusu, akainua macho kuitazama nguzo ya pili.

Haikuwepo. Ilikuwa mbali huko mbele, nyembamba kama njiti.

Aliendelea kuhesabu kwa sababu hakujua jambo jingine la kufanya. Sitini. Themanini. Mia moja. Alipogusa nguzo alikuwa na mia moja na kumi na tatu. Akaenda mpaka ya tatu, chini ya kichuguu, akiwa ameanza kutembea kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Mia mbili ishirini na nane. Mjini nguzo zinasongamana kwa sababu zina nyumba za kuhudumia. Porini hazina mtu wa kumhudumia, zinapiga hatua ndefu. Yeye alikuwa amepima nguzo za mtaa wake kwa nusu na kwa robo, akaziandika kwenye daftari, akasahau kuuliza nguzo zipi.

Kwa umbali ule Kubwa ilikuwa imeinama, kama Bernado alivyosema. Ilikuwa imepita chini ya moyo na kuvunja mguu. Ndogo, ile iliyobaki kabatini, pengine isingeinama kiasi hicho. Na mzee Robert asingepiga kabisa. Angesimama, angejifuta magoti, angerudi nyumbani mikono mitupu akipiga mluzi.

Florian alirudi kumtafuta, akamkuta ameketi.

"Si nguzo mbili hizi?" aliuliza.

"Ni nguzo mbili."

"Sasa kosa liko wapi, kaka?"

Mseti aliinuka, akasema waendelee kutafuta.

Walimpata saa tatu. Tai walikuwa wameketi kwenye mti juu ya korongo dogo, wamekunja mabawa, wakisubiri kwa adabu. Nyamera alikuwa amelala chini yao, kichwa kimeinuka, umande haujamkauka mgongoni. Masikio yake yaligeuka kuwaelekea wote wawili. Alijaribu kuinuka, akaegemea mguu uliovunjika, akaanguka, akajaribu tena. Kisha akaacha, akamtazama Mseti, si kwa chuki wala kwa msamaha, bali kama mnyama anavyomtazama mtu.

Zilikuwa hatua kumi. Hakuna aliyehitaji nguzo. Mseti alipiga, na mwangwi ulipoisha Florian alikuwa amevua kofia, yeye mtu wa samaki, amesimama nayo kifuani.

Nyama ilikuwa nyeusi, inanata kwenye kisu. Florian alijaza fomu: nyamera, dume, mmoja. Kalamu yake ilikuwa na wino mwingi.

Butiama walikuta ukoo umejaa uani. Habari za nyamera zilikuwa zimefika kabla ya nyamera. Bernado alikuwa ameletwa kwa bodaboda pamoja na magoti yake. Jeska alipika kama mama alivyoagiza akiwa kitandani, kwa chumvi peke yake, bila nyanya, bila kitunguu, moto mdogo. Ilichukua muda mrefu kuiva kuliko kawaida. Hakuna aliyelisema hilo.

Bibi Boke aliomba aketishwe. Alivishwa kilemba chake cha kanisani. Jeska alimwekea mito miwili mgongoni, Mseti akashika sahani, na wote wengine wakafukuzwa. Mama alichagua kipande mwenyewe, kidogo, cha begani. Akakiweka mdomoni.

Alitafuna. Mseti aliyatazama mataya yale kama mtu anayetazama injini aliyoifunga mwenyewe. Yalizunguka mara moja, mara mbili, mara kumi. Mama alikuwa amefumba macho, uso umelegea, na kwa kitambo kidogo Mseti aliamini.

Mataya yakasimama. Bibi Boke alikitoa kile kipande kwa vidole viwili, akakirudisha sahanini, pembeni, mahali ambapo hakitagusa vingine.

"Huyu hakufa siku moja," alisema.

Jeska alitazama dirishani.

"Mseti. Alikufa siku ngapi?"

"Mbili, mama."

Aliitikia kwa kichwa, kama aliyetajiwa saa ya basi. Alifumba macho mpaka wakadhani amelala. Kisha akasema kwamba baba yao naye aliwahi kumletea wa namna hii, mwaka wa kwanza wa ndoa. Alikaa pale mlangoni, akalia, akidhani mkewe hamwoni. "Nilikula yote. Nikamwambia ni tamu. Nilikuwaga na nguvu." Alipapasa blanketi, akaupata mkono wa Mseti uliokuwa umeshika sahani. "Sasa sina nguvu za kukudanganya, mwanangu."

"Mama, kidogo tu. Mchuzi."

"Mpeni Bernado. Yeye anakulaga chochote."

Ulikuwa utani, na alingoja kidogo waucheke. Walipochelewa, aligeuka taratibu, akauelekeza uso ukutani, bado na kilemba chake.

Mseti alitoka na sahani. Uani sufuria ilikuwa imeshafunguliwa, na ukoo ulikuwa ukila kwa bidii kubwa, ukisifu. Mtu alisema nyama ya porini ina nguvu zake, ndiyo maana inapambana na meno. Bernado alimpisha kwenye benchi, mfupa mkononi, mafuta kidevuni, macho yanang'aa kwa kiburi cha mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu.

"Hebu waambie hawa," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ulimpiga kutoka umbali gani?"

Mseti aliweka sahani chini. Futi yake iligonga benchi.

"Nguzo mbili."

"Kwa Kubwa?"

"Kwa Kubwa."

Bernado aliinua mfupa juu kama fimbo ya uenyekiti. "Kama baba yake," alisema. "Kama baba yake kabisa."

Watu wakaitikia, wakarudi kwenye nyama. Mlango wa chumbani ukafunguka. Jeska akatoka na bakuli la uji, limejaa kama lilivyoingia.